Ukurasa Kufunguka Si Kufanya Kazi

Jumamosi moja jioni, kinyozi wangu hapa Kawangware 46 aliishiwa na tokeni za stima mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Mteja mwenyewe ni mimi.

Kinyozi alikuwa amezoea kununua tokeni kwenye tovuti ya muuzaji fulani. Wiki hiyo tovuti ilikuwa imefanyiwa maboresho: rangi mpya, vitufe vikubwa, ukurasa unafunguka chap chap. Akaweka namba ya mita, kisanduku cha PIN kikatokea kwenye simu, akaijaza. Ujumbe wa kukatwa shilingi 200 ukaingia. Lakini tovuti ikaandika: "Malipo hayajapokelewa. Jaribu tena." Akajaribu tena. Shilingi 400 zikaenda, tokeni hakuna. Pesa zilirudi Jumatatu. Wateja wa Jumamosi usiku, ambao ndio hulipa kodi ya kibanda, hawakurudi. Mimi nilienda nyumbani nimevaa kofia.

Sidhani waliosasisha tovuti ile hawakuikagua. Nadhani waliifungua, wakaona inapendeza, wakaenda zao. Walikagua mlango wa duka, wakasahau droo ya pesa.

Malipo ya mtandaoni yana hatua tatu. Tovuti inaomba pesa. Simu yako inaleta kisanduku cha PIN. Kisha mfumo wa malipo unairudishia tovuti jibu kwamba pesa zimeingia. Sasisho likivuruga mahali pa kupokea jibu hilo, hatua mbili za kwanza zitaendelea vizuri kabisa. Pesa zitatoka, jibu litapotea njiani. Ukiangalia ukurasa kwa macho tu, hutaona kasoro yoyote.

Hata wakubwa huanguka hapo. Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia wateja wake kwenye mfumo mpya. Data yenyewe ilihama salama, lakini mfumo uliofunguliwa ukagoma, na wateja wengi wakashindwa kufikia pesa zao. Desemba 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliipiga benki hiyo faini ya zaidi ya pauni milioni 48.

Kuna wanaosema basi tuache kusasisha, kisichoharibika kisiguswe. Hapana. Masasisho ndiyo huziba mianya ya wezi. Na bila kuthubutu, mitambo ya M-Pesa isingehamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015. Tusasishe, ila tuulizane: baada ya sasisho, nani anakagua, na anakagua nini?

Maoni yangu ni haya. Kila baada ya sasisho, mtu alipe shilingi 10 za kweli, kuanzia mwanzo hadi risiti. Afanye hivyo kwa simu ya bei ya chini, kwa bando, akiwa steji ya 46 saa moja jioni wakati kila mtu yuko mtandaoni. Waifai ya ofisini haitoshi. Kisha aharibu makusudi: aweke PIN isiyo sahihi, aghairi katikati, abonyeze kitufe mara mbili aone kama atakatwa mara mbili. Na kazi ya kusasisha ifanywe usiku wa manane, wateja wakiwa wameambiwa mapema. Isifanywe wikendi wala mwisho wa mwezi. Kampuni inayochapisha makala haya nayo hufanya maboresho, kwa hivyo ipimwe kwa kipimo hicho hicho.

Wewe mteja nawe, ukikuta tovuti imebadilika:

- Angalia anwani kwanza. Matapeli wanapenda sana neno "tumeboresha". PIN yako unaijaza kwenye kisanduku kinachotokea kwenye simu, kamwe si kwenye ukurasa wa tovuti.
- Anza na kiasi kidogo. Tokeni za shilingi 50 zikifika, ongeza.
- Ujumbe wa kukatwa ukiingia, usilipe tena, hata tovuti ikikuambia ujaribu. Angalia salio, ngoja kidogo, kisha mpigie muuzaji.
- Usifute ujumbe wa malipo. Ile namba ya muamala ndiyo ushahidi wako.
- Ripoti. Ukinyamaza, wataamini kila kitu kiko sawa, na jirani yako atakatwa kesho.

Siku hizi kinyozi wangu hununua tokeni asubuhi na mapema kabla hajafungua. Analipa kidogo, anangoja, anahakikisha zimeingia kwenye mita, ndipo anaongeza. Yaani anaikagua tovuti ya watu kila siku, kwa pesa zake, bila mshahara. Kazi hiyo ina wenyewe, na waifanye.