Redio ya Baba Mkwe Inawagombanisha? Soma Hapa

Mwezi huu nilipanga tuzungumzie wakwe na likizo, lakini imeingia barua moja ofisini ikanifanya niweke hayo pembeni, maana najua si nyumba moja tu yenye kasheshe hii. Tena safari hii mgomvi si nyumba ndogo wala simu inayolia saa saba usiku. Ni redio.

Dada mmoja wa Tanga, ana miaka minne kwenye ndoa, anasema mume wake alirithi seti ya muziki ya marehemu baba yake. Mzee alikuwa baharia, aliinunua Japani mwishoni mwa miaka ya sabini: amplifaya, pleya ya santuri, deki ya kaseti na spika mbili zinazokula nusu ya sebule. Mzee alipofariki, ndugu waligawana nyumba na shamba, yeye akaomba redio tu. Sasa redio imekufa. Imeshapita kwa mafundi watatu, amplifaya imefunguliwa mara nne, na kila ikirudi inaimba siku tatu, inanguruma, inanyamaza upande mmoja. Dada amepiga hesabu, shilingi 460,000 zimeshayeyuka, na mwezi Januari ada ya mtoto ilichelewa kwa ajili ya kidude fulani kilichoagizwa nje. Akigusia kuiuza, mume ananyamaza siku mbili. Na juzi alipopita mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenyewe anakiri kwamba alimwita mpaka mlangoni.

Kuna jambo moja ameliandika mwishoni kabisa, kama vile si muhimu. Kabatini kuna boksi la kaseti. Enzi zile mzee alikuwa akijirekodi salamu anamtumia mdogo wake aliyeko Muscat, naye anajibu kwa kaseti. Mume amesema atazisikiliza siku redio itakapopona.

Dada yangu, nianze na wewe, na nitakuwa mfupi. Usiiuze kwa siri. Sikuambii ada ya mtoto isubiri, hapo una haki yako yote na mumeo lazima aisikie. Lakini watu wamegawana nyumba na shamba, yeye kachukua redio. Ukimpa yule wa vyuma chakavu, mumeo atakapoingia sebuleni jioni hataona nafasi iliyopatikana ya kuweka makochi, ataona umemzika baba yake mara ya pili. Huo ugomvi hauna fundi.

Sasa shemeji. Wewe ndiye mwenye kazi zaidi, kwa hiyo kaa vizuri.

Umeanza na kilicho kigumu. Amplifaya ndiyo inayokula pesa, wakati sauti ya mzee haimo kwenye amplifaya, imo kwenye kaseti. Kuisoma kaseti unahitaji deki inayozunguka, basi. Deki nzima ukiiunganisha kwa waya wa kawaida wa sauti kwenye spika yoyote ya kisasa yenye tundu la kuingizia, au kwenye kompyuta, utamsikia mzee leo hii, amplifaya ikiwa bado imelala. Na tofauti na amplifaya, deki nyingi za umri ule hazijafa kabisa. Zimekatika mkanda tu.

Mkanda ni mpira, na mpira hauna urafiki na miaka arobaini. Mwingine unalegea, mwingine unageuka kitu cheusi kinachonata kama lami, ukikigusa unashinda kutwa unaosha mikono. Fundi anausafisha kwa spiriti na pamba, kisha anaweka mpya. Huo mpya si lazima utoke kwa kampuni iliyotengeneza deki. Mkanda ni kipimo. Zungusha uzi pale ulipopita mkanda wa zamani, upime kwa rula, punguza kama asilimia tano hadi kumi ili ukivaa uvutike, angalia na unene wake. Ukiwa na namba hizo, unatafuta mkanda wa aina hiyo popote, uwe wa deki gani sijui. Ukipata, nunua miwili. Pamoja nao angalia lile gurudumu dogo la mpira linalobana utepe. Likiwa gumu na linateleza, litatafuna kaseti.

Ndiyo maana nakuomba kwa jina la ndoa yako, kaseti ya mzee isiwe ya kwanza kuingia kwenye deki iliyotoka kwa fundi. Weka kaseti yoyote usiyoijali, iende pande zote mbili, irudishe nyuma, ipeleke mbele. Ikitoka salama mara tatu, ndipo umwite mzee. Na siku hiyohiyo mnarekodi kwenye kompyuta huku mnasikiliza, msiseme tutarudia.

Spea ngumu ya deki ni moja, kichwa kinachosoma utepe, ambacho mafundi wanakiita hedi. Hiyo ikilika huwezi kupima kwa uzi. Inabidi upate deki nyingine ya aina hiyo au ndugu yake, iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, uichinje. Kuchinja si dhambi. Kwa mashine ambazo kiwanda kimeacha kutengeneza spea zake, mashine mbovu ndiyo duka la spea, na mafundi wengi wazuri wana makaburi yao ya redio nyuma ya kibanda. Gia za plastiki zilizopasuka, hizo siku hizi kuna watu wanazichapa kwa printa za 3D, tena vizuri tu.

Twende kwenye amplifaya, maana najua ndipo moyo wako ulipo.

Barua inasema mafundi wote watatu walibadilisha kitu kilekile, STK. Kwa wasomaji wasioijua, hicho ni kipande kimoja cheusi chenye miguu mingi, kimefungwa kwenye bati la kupoozea joto, na ndicho kinachozipa spika nguvu. Walikitengeneza Sanyo wa Japani, na viwanda vingi vikakitumia kwa sababu kilikuwa rahisi kufunga. Biashara ya Sanyo ya vifaa hivyo ilinunuliwa na kampuni ya Marekani, ON Semiconductor, mwaka 2011. Kwa hiyo leo muuzaji akikuwekea mezani STK ya namba ya miaka ya sabini, inayong'aa, na kukuapia ni mpya orijino, kuna mambo matatu tu. Ama ilikaa stoo miaka yote hiyo, ama imechomolewa kwenye mashine nyingine ikasafishwa, ama ni feki. Na feki zimejaa dunia nzima, siyo Kariakoo peke yake. Feki inaimba, hilo ndilo tatizo. Inaimba kwa sauti ndogo dukani, unalipa unaondoka, ukifika nyumbani ukifungua sauti Jumamosi jioni, inakufa.

Lakini shemeji, hata ikiwa orijino, STK haijiui yenyewe mara nne. Kuna kitu kinaiua. Kuna kapasita, vile vikopo vidogo vyenye majimaji ndani, vikizeeka vinakauka, na ile ngurumo unayoisikia mara nyingi inatoka kwa vile vikubwa vya upande wa umeme. Kuna waya wa spika uliogusana nyuma ya kabati. Kuna fundi aliyefunga STK bila kupaka ile grisi nyeupe ya kupitisha joto. Fundi anayebadilisha kilichoungua bila kutafuta kilichokiunguza anakuuzia siku tatu tatu.

Kapasita, kwa bahati nzuri, ni spea ambazo bado zinatengenezwa kila siku. Namba zimeandikwa ubavuni. Uwezo uwe uleule, volti ziwe zilezile au zaidi, na upande wa hasi usikosewe maana kikigeuzwa kinalipuka. Usijaribu mwenyewe, vile vikubwa vinashika umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na dada ameandika barua kulalamikia redio, asije akaandika tanzia.

Unamjuaje fundi wa kumwachia? Mimi nina kipimo kimoja. Muulize atawashaje mashine mara ya kwanza baada ya kuitengeneza. Akisema ataichomeka ukutani tuone, mshukuru, beba mzigo wako. Anayejua kazi atakwambia anapitisha umeme kwanza kwenye balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka, iliyofungwa kwa mfululizo na mashine. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na spea yako ya mbali inapona. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, anaendelea. Halafu muulize kama ana mchoro wa saketi. Miongozo mingi ya mafundi ya redio za zamani imeshapigwa skani na wapenzi wa mambo haya, inapatikana mtandaoni bila malipo, kwa hiyo "sina mchoro" siku hizi ni uvivu.

Na kwa kuwa mzee alinunulia Japani, geuza mashine usome nyuma. Umeme wa kule ni volti 100, wetu ni 230. Mashine zilizotengenezwa kwa wasafiri zina swichi ya kuchagua volti, za wenyeji hazina, zinahitaji transfoma. Tena Japani yenyewe imegawanyika, upande wa Tokyo umeme unapiga mara 50 kwa sekunde kama wetu, upande wa Osaka mara 60. Baadhi ya pleya za santuri zinafuata mapigo hayo, na iliyopangwa kwa 60 ikija huku inazunguka pole kwa sehemu moja ya sita, mwimbaji anasikika kama kala ugali mwingi. Transfoma haitibu hilo. Linatibiwa na puli ya saizi tofauti.

Santuri zenyewe nisizungumze sana, nafasi inaisha. Sindano ni rahisi kuliko unavyodhani. Ni kweli Shure wa Marekani walitangaza mwaka 2018 kuacha kutengeneza vichwa vya santuri, watu wakalia. Lakini JICO wa Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1873 kwa sindano za kushonea, inatengeneza sindano za vichwa vingi vilivyoachwa na wenyewe. Na santuri zimerudi mjini. Marekani mwaka 2020 mapato yake yalipita ya CD kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980. Spea za aina hii zinapatikana leo kuliko mwaka 2005.

Haya, turudi chumbani, maana spea ni nusu tu ya maneno.

Kaeni wawili, TV imezimwa. Shemeji, taja kiasi ambacho redio itakula kwa mwaka, dada akikubali kiandikwe, na kisitoke kwenye ada wala kodi ya nyumba. Mimi ningeanza na deki peke yake. Amplifaya ikae kabatini mpaka upatikane mwili wa kuchinja au fundi aliyeonyesha kilichoua STK nne. Usiagize kitu chochote nje kabla fundi hajaandika namba yake kwenye karatasi, maana usafiri mara nyingi unazidi bei ya kidude, na kukirudisha ni ndoto. Mkifika kikomo na bado haijaimba, isimamishwe hapo kwa mwaka huo. Haiuzwi, haiguswi. Spika zile mbili, kama ni nzima, zinaweza kuimba na amplifaya ya kisasa bila kumkosea mzee adabu. Ile yake ikae juu ya kabati kama picha ya harusi, nayo haiimbi.

Na wewe dada, umeitaja redio mara kumi na mbili kwenye barua, nimehesabu, kaseti mara moja. Siku deki itakapozunguka usiende jikoni. Mzee anazungumza na mdogo wake, huenda kwenye kaseti mojawapo amemtaja mumeo akiwa hata hajaanza kutembea.

Kama yule baba mdogo wa Muscat bado yupo, mtumieni nakala kwa WhatsApp. Na mumuulize kama zile alizotumiwa yeye bado anazo, maana alizobaki nazo mzee nyumbani, nyingi lazima ziwe za kujibiwa.

Mwezi ujao wakwe na likizo, safari hii kweli.