TAHARIRI: Barua ya Benki Haifichwi Chini ya Godoro



Wazee wetu wengi wa Reli walikaa katika landhi za Muthurwa na Makongeni. Nyumba zile zilikuwa za kazi. Kazi ikiisha, mtu alifunga mizigo yake akaondoka na watoto wake. Kwa hiyo mfanyakazi anayejipatia nyumba yake mwenyewe mjini, japo ya vyumba viwili, na japo kwa mkopo wa benki wa miaka ishirini, amefanya jambo kubwa. Ndiyo sababu Chama hakiwezi kunyamaza tukiona nyumba za wafanyakazi zikitangazwa mnadani magazetini.

Wako wasemao kwamba anayeshindwa kulipa ni mlevi au mvivu. Hayo si kweli. Mshahara wetu umekatwa pande nyingi. Tangu Machi 2024 sheria ya nyumba za bei nafuu hukata shilingi moja na nusu katika kila mia. Tangu Oktoba 2024 bima mpya ya afya hukata 2.75 kwa mia. Kodi na akiba ya uzeeni ziko pale pale. Riba ya benki ikipanda, malipo ya nyumba nayo hupanda. Mtoto akiugua, au mshahara ukichelewa miezi miwili, mtu mwaminifu huingia katika deni.

Lakini twataka kusema neno moja la ukweli. Mara nyingi nyumba haipotei siku ya mnada. Hupotea siku ile mwenye nyumba alipopokea barua ya kwanza, akaona haya, akaificha, asimwambie hata mkewe. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Yafaa kila mwanachama ajue sheria inasema nini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 90, yasema kwamba ukichelewa kulipa kwa mwezi mmoja, benki yaweza kukuandikia barua, na barua hiyo lazima ikupe muda usiopungua miezi mitatu. Ukishindwa, kifungu cha 96 chaitaka benki ikupe ilani ya pili ya kuuza, nayo ni siku 40. Mke au mume aliyekubali rehani ile hana budi kupewa nakala. Halafu dalali naye, kwa Kanuni za Madalali za 1997, lazima akupe siku 45 za kuikomboa nyumba kabla ya kuinadi. Ukihesabu yote, ni kama miezi sita. Hiyo ndiyo nafasi yako, nayo humalizika upesi kwa mtu anayengoja tu.

Katika nafasi hiyo fanya hivi. Nenda benki wewe mwenyewe mwezi ule ule wa kwanza, na karatasi za mshahara mkononi. Omba miaka ya kulipa iongezwe ili malipo ya kila mwezi yapungue, au omba ulipe riba peke yake kwa miezi michache. Lo lote mtakalopatana liandikwe na kutiwa sahihi. Maneno ya mdomo hayazuii mnada. Usikope kwa simu ili kulipa benki, maana huko ni kuzima moto kwa mafuta ya taa. Na ukiona kweli hutaweza tena, omba ruhusa ya benki uiuze nyumba mwenyewe kwa bei ya soko, ulipe deni, nawe ubaki na kitu. Mnada mara nyingi hauleti bei hiyo.

Hata mnadani benki haina ruhusa ya kuitupa nyumba yako. Kifungu cha 97 chaitaka itafute bei iliyo bora na imwite mthamini kwanza. Ikiwa nyumba imeuzwa chini ya bei ya soko kwa robo nzima au zaidi, waweza kwenda mahakamani. Tena Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A, yasema deni likishakwama, riba inayodaiwa haiwezi kupita mtaji uliobaki siku ile. Basi iombeni benki hesabu kamili, muisome mstari kwa mstari. Lakini tusidanganyane: mahakama huzuia mnada uliofanywa kinyume cha sheria, haifuti deni.

Wajibu wa Chama nao uko wazi. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, yakataza makato yote kupita theluthi mbili za mshahara. Tena mwajiri akikata pesa za mkopo wako, lazima azipeleke zinakotakiwa, na asipozipeleka ametenda kosa. Hata hivyo mfanyakazi hukatwa, pesa zikakaa ofisini, naye akaandikiwa na benki kama mdeni mbaya. Hapo si shauri la mtu mmoja, ni shauri la Chama. Mletee katibu wa tawi karatasi ya mshahara na barua ya benki siku ile ile. Nasi twataka katika mapatano yajayo na waajiri kiingizwe kifungu hiki: mwajiri akichelewesha mshahara au pesa za mkopo, faini ya benki ailipe yeye.

Tunawaomba pia wajumbe wa kila idara wazitunze siri za wenzao. Mtu hawezi kuleta barua yake mahali ambapo kesho itakuwa hadithi ya kantini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye barua nyumbani aitoe leo chini ya godoro, amwonyeshe mwenzi wake, kisha ailete ofisini.

Umoja ni nguvu.