Ukienda Naadam, msubiri farasi wa mwisho

Kila mwaka, kuanzia Julai 11, watu wa Mongolia husherehekea Naadam: mieleka, mbio za farasi na kulenga shabaha kwa mishale. Wasafiri wengi hujazana uwanjani Ulaanbaatar, wakapiga picha za ufunguzi, wakala khuushuur, lile andazi bapa lenye nyama ndani, kisha wakarudi hotelini wakidhani wamemaliza.

Wazee, mkifanya hivyo mmepitwa. Farasi hawakimbii uwanjani. Wanakimbia Khui Doloon Khudag, nyikani nje ya jiji, na wanaowapanda ni watoto. Mbio ni za kilomita nyingi, kwa hivyo utakaa juani ukitazama nyasi tu hadi vumbi litokee kwa mbali.

Mshindi akishafika, wageni hufunga kamera. Wewe kaa. Katika mbio za farasi wa miaka miwili, anayeshika mkia huletwa mbele ya watu akaimbiwa, na kutakiwa heri ashinde mwaka ujao. Humwita "tumbo lililojaa". Hakuna anayemcheka.

Mimi niliacha chuo, na najua vile watu hukufuta kwa hesabu ukibaki nyuma. Ushindi unasherehekewa kila mahali duniani, hata mtaani kwetu. Kumwimbia wa mwisho ni kitu adimu, na kwangu hicho pekee kinatosha kulipia tikiti ya ndege. Kwa hivyo ukijaliwa kufika, usiondoke kabla hajafika.