Hesabu wati kabla ya kununua kadi

Na Rashidi Mwinyikombo

Vijana wanaorusha matangazo mubashara hapa pwani, wawe wa gemu, wa mahubiri au wa uchambuzi wa mpira, huniuliza swali lilelile: kompyuta yangu ndogo inakwamakwama nikiwa hewani, ninunue kadi gani ya picha? Jibu langu ni moja. Usinunue kadi yoyote kabla hujajua joto la kompyuta yako linatoka wapi na linatokea wapi.

Nazungumzia kompyuta za kuunda wenyewe zenye ubao mama wa mini-ITX, mraba wa sentimita 17 kwa 17, muundo ulioletwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001. Kwa kawaida zina nafasi mbili tu za RAM na moja ya kadi. Zinapendwa kwa sababu nzuri: chumba cha kupanga hakina nafasi ya kasha kubwa, na anayerusha kongamano ukumbini huibeba kwenye begi. Lakini udogo huo una sharti lake. Kila wati inayoingia kwenye kasha hugeuka joto, na joto hilo lisipopata njia ya kutoka, prosesa hujilinda kwa kupunguza kasi. Prosesa nyingi za sasa hufanya hivyo zikifika kati ya nyuzi 90 na 100 za Selsiasi.

Hapo ndipo Dar es Salaam na Mombasa zinapoachana na vyumba vya majaribio vya Ulaya. Kipozeo cha hewa hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kinachoweza ni kupunguza pengo lililopo kati ya chumba na prosesa, na kwa kazi ileile pengo hilo halibadiliki sana. Tuseme kipozeo kimepimwa katika chumba cha nyuzi 20, kikaiacha prosesa kwenye nyuzi 78. Kipeleke kipozeo hichohicho kwenye chumba cha nyuzi 32 mwezi wa Februari, na prosesa itakuwa kwenye nyuzi 90 hivi. Kule ilikuwa salama, hapa imegusa kikomo. Kwa hiyo unaposoma matokeo ya majaribio ya nje, ongeza nyuzi 12 kabla hujatoa fedha mfukoni.

Pili, pima kabla ya kulaumu. Watangazaji wengi hutumia OBS Studio, programu ya bure iliyoanzishwa na Hugh Bailey mwaka 2012. Ndani yake lipo dirisha la takwimu ambalo wengi hawajawahi kulifungua, nalo huhesabu fremu zilizopotea kwa makundi matatu. Zipo zilizopotea kwa sababu kadi ya picha imezidiwa, zipo zilizorukwa kwa sababu kazi ya kubana picha imechelewa, na zipo zilizoangushwa na mtandao. Nimeona watu wakibadilisha laini ya intaneti wakati namba iliyokuwa ikipanda ni ya kadi. Matangazo ya kilobiti 6,000 kwa sekunde hula takribani gigabaiti 2.7 kwa saa. Anayelipia bando kwa ajili ya kurusha picha zinazokatika kwa sababu ya joto anatupa fedha yake.

Fungua dirisha hilo pamoja na programu ya kupima joto, kisha tangaza kama kawaida kwa muda wa kutosha. Dakika tano hazitoshi. Kasha dogo hupata moto polepole, na tatizo hujitokeza baada ya nusu saa au zaidi, wakati watazamaji wameshakaa.

Namba inayopanda ikiwa ni ya kubana picha, huenda dawa yake haihitaji hata shilingi. Kubana picha kwa prosesa kwa njia ya x264 huzishughulisha kori zake zote bila kupumzika, na hapo wati hupanda. Kadi za Nvidia zilianza kupewa sehemu maalumu ya kazi hiyo, NVENC, mwaka 2012, na nyingi zilizotoka tangu hapo zinayo. Prosesa za Intel zenye picha za ndani zina Quick Sync tangu mwaka 2011. Ingia kwenye mipangilio ya OBS, hamishia kazi huko, na prosesa itapoa mbele ya macho yako.

Hatua nyingine za bure zipo. Kama unarusha fremu 60 kwa sekunde, hakuna mtazamaji atakayeona fremu ya 61, basi weka kikomo cha 60 kwenye gemu. Kadi itatumia wati chache, na OBS itapata nafasi ya kupanga picha zake. Shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 80. Kasi inayopotea ni ndogo kuliko joto linaloondoka. Mwenye prosesa ya Ryzen ya wati 105 anaweza kuwasha Eco Mode ifanye kazi kama ya wati 65, na kiwango cha juu cha umeme wake kishuke kutoka wati 142 hadi 88.

Ukishafanya hayo na bado nguvu haitoshi, sasa nunua, lakini nunua kwa wati. Mwenye Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017, yenye kori sita na wati 65, anaweza kwenye ubao uleule wa AM4 kuweka Ryzen 7 5700X ya mwaka 2022: kori nane, kasi kubwa zaidi, na wati zilezile 65. Anachotakiwa ni kuthibitisha kwamba ubao wake umo kwenye orodha ya mtengenezaji, na kusasisha BIOS kabla hajaing'oa prosesa ya zamani.

Kwa kadi, kishawishi kikubwa ni RTX 3080 ya mtumba. Ina kasi kuliko RTX 4060, sikatai. Lakini inakula wati 320, wakati 4060 inakula 115 na ina uwezo wa kubana picha kwa AV1, ambao 3080 haina. Ndani ya kasha la lita 18, katika chumba kisicho na kiyoyozi, tofauti hiyo ya wati 205 inabaki nawe chumbani usiku kucha. Inaongeza bili, inafupisha muda wa UPS umeme ukikatika, na inazilazimisha feni kupiga kelele inayoingia kwenye maikrofoni. Kwa mtangazaji, ukimya ni sehemu ya ubora wa kazi.

Sasa njia ya hewa. Maji hufuata mkondo, na hewa vilevile: ipe mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kasha la Cooler Master NR200P lilikuja na vifuniko viwili vya pembeni, kimoja cha kioo na kingine cha chuma chenye matundu. Kwa pwani yetu, kioo kibaki kwenye boksi. Weka feni mbili za milimita 120 chini zilishe kadi hewa ya nje, na za juu na nyuma zitoe. Feni kubwa inayozunguka taratibu hupitisha hewa nyingi kwa kelele ndogo. Usilifungie kasha ndani ya kabati la televisheni, maana litavuta tena hewa lililoitoa yenyewe.

Na upozaji wa maji? Maji hayaliondoi joto, yanalibeba tu hadi kwenye rejeta, nayo inahitaji hewa ileile. Pampu ikifa, unabaki na kifaa ambacho fundi wa mtaani hawezi kukitengeneza. Kipozeo cha chuma chenye feni, feni yake ikifa, unabadilisha feni tu na kuendelea.

Vumbi ni adui wa kila siku. Osha vichujio mara kwa mara, na unapopuliza vumbi zima kompyuta na uzishike feni zisizunguke. Kila unapong'oa kipozeo, futa pesti ya zamani na upake mpya.

Wauzaji na mafundi wetu wana ujuzi mkubwa, na kwao nina ombi. Mteja akija kutengenezewa kompyuta ndogo ya kutangazia, mwandikieni jumla ya wati kwenye risiti, kisha iwasheni mbele yake, gemu na OBS zikiwa pamoja, kwa saa nzima bila kiyoyozi. Ikipita mtihani huo, alipe kwa furaha. Nawe mnunuzi, usibebe kasha kwa sababu ya taa zake za rangi. Uliza wati, uliza hewa inaingia wapi, na kama hujajibiwa, nenda duka la pili.