RAM Si Shida, Shida Ni Nani Aliingia Kwanza

Wasee, kabla mtu akwambie uongeze RAM, muulize swali moja: ni nini kimeshaingia kwa hiyo mashine kabla yako?

Juzi binamu yangu aliambiwa na fundi kwamba laptopu yake imekuwa nzito, alete pesa ya RAM. Nikaangalia zile programu zinazojiwasha zenyewe mashine ikiwaka. Kumi na saba! Nikazima nyingi, ikaanza kupumua. Hakununua kitu.

Hii hadithi ni ya zamani kuliko mimi. Turudi enzi za DOS. Prosesa ya IBM PC ya 1981, Intel 8088, ilikuwa inafikia MB 1 pekee. KB 384 za juu zikatengewa skrini, BIOS na mambo kama hayo. Programu zikaachiwa KB 640 za chini, ndiyo memori ya kawaida. Baadaye watu wakanunua mashine za MB 4, MB 8, na bado wanaambiwa memori haitoshi. Programu nyingi za DOS zilitaka nafasi ndani ya zile 640. Zile MB zingine hazikuwasaidia hapo.

Mwaka 1990 ikaja Windows 3.0. Kwa prosesa ya 386 ungeweza kufungua madirisha kadhaa ya DOS kwa pamoja, kila moja likidhani lina kompyuta yake. Ungedhani basi kila dirisha linapata KB 640 safi. Wapi! Kila dirisha lilirithi memori jinsi ilivyokuwa kabla hujaandika WIN. Kama CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT zilishawasha draiva ya mausi, ya CD na ya mtandao, na pamoja na DOS yenyewe zikala KB 90, basi kila dirisha linaanzia 550 kushuka. Fungua moja, fungua matano, ni yaleyale. Kwenye RAM yenyewe draiva imekaa mara moja tu, lakini nafasi yake imezibwa kwa kila dirisha.

Ni kama mwenye nyumba aliyejenga bedsita kumi kwa ramani moja, na kwenye ramani kuna kabati lake la saruji. Unalipa kodi ya chumba kizima lakini ile kona si yako. Akinunua ploti ya pili, kabati lako bado liko palepale.

Waliojua hawakukimbilia dukani. Waliandika MEM /C wakaona nani anakula nini. Kuanzia MS-DOS 5 ya 1991, DEVICEHIGH na LOADHIGH ziliwawezesha kuhamisha draiva juu ya ule mpaka wa 640. Na kama kitu kinahitajika na dirisha moja tu, unakiwasha ndani ya hilo dirisha Windows ikishawaka, mengine yasibebe mzigo usiowahusu.

Naelewa, Windows ya wakati huo ilikuwa imeketi juu ya DOS, haingekosa kurithi. Lakini mimi nasema kurithisha kila mtu mzigo wa aliyetangulia ni mpango mbaya. Windows NT ya 1993 ilifanya vizuri zaidi: haikuwa na DOS chini yake, na programu ya DOS ilianza kwa kusoma CONFIG.NT na AUTOEXEC.NT, ikapewa mazingira yake.

Leo ukuta wa 640 haupo, najua. Lakini ile tabia iko. Programu ya printa, ya muziki, ya kujisasisha, zote zinaruka ndani kabla hujagusa kitu, na hakuna aliyekuuliza. Halafu lawama ni kwa RAM.

Kwa hivyo angalia kwanza nani yuko ndani. Ukipata ni vitu unavyohitaji kweli na bado nafasi haitoshi, nunua RAM, sitakukataza. Lakini usilipe pesa yako ili wageni usiowaalika wapate viti zaidi.