Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Kila likizo ya majira ya joto ikiisha Marekani, nakutana nazo tena: insha za vijana wa Kiyahudi wa miaka 16, 17, waliotumia wiki zao chache kujitolea. Huyu amegawa chakula kwa wasio na makazi mjini kwao, yule amepaka rangi nyumba ya bibi kizee, mwingine amevuka bahari kuja kuchimba msingi wa darasa. Karibu zote zinaishia pale pale: nilikwenda kutoa, nikapokea zaidi. Na nyingi zinataja maneno mawili ya Kiebrania, tikkun olam, yaani kuutengeneza ulimwengu.

Sisi wapenzi wa fasihi wa Afrika Mashariki tunajua cha kufanya na insha hizo. Tunazicheka. Tangu Binyavanga Wainaina aandike "How to Write About Africa" mwaka 2005, na Teju Cole atupe hoja yake juu ya wakombozi weupe mwaka 2012, kejeli imekuwa rahisi mno. Picha moja ya kijana ameshika koleo, basi, kazi imeisha. Nami nimo. Lakini jamani, kejeli hii imetufanya wavivu. Tunamcheka kijana kwa nia yake, ambayo haina kosa, halafu kosa lenyewe tunalipita hatulioni.

Kosa lenyewe nililijua nikiwa darasa la sita, mkoani Kilimanjaro. Shule yetu ilipokea wageni vijana kutoka ng'ambo, wakapaka rangi darasa ambalo lilikuwa limepakwa mwaka uliotangulia. Darasa la pili yake halikuwa na madirisha, ila kwenye ratiba yao iliandikwa rangi. Sisi tulitolewa kwenye kipindi cha hisabati tukaimbe wimbo wa kuwakaribisha. Walikuwa wa dini gani sijui. Hatukuwauliza, nao hawakutuuliza majina. Hawakuwa watu wabaya. Siku ya kuondoka msichana mmoja alilia kweli kweli. Ila katika siku zote zile sikumsikia hata mmoja akimwuliza mwalimu wetu: mwalimu, tukusaidie nini?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisoma methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Hebu isome tena, uangalie jembe ni la nani. Ni la mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayejua shamba liko wapi, palilizi imefikia wapi, na mgomba upi usiguswe. Wageni wetu walikuja na jembe lao, na shamba walishalichagua kabla hawajapanda ndege.

Utaniambia ndivyo kujitolea kulivyo. Sivyo. Mwaka 1964 mamia ya wanafunzi wa vyuo, wengi wao weupe na wengi kati ya hao Wayahudi, walikwenda Mississippi katika kile kilichoitwa Freedom Summer. Waliowaita walikuwa wanaharakati weusi, akiwamo Bob Moses, baada ya kubishana sana wao kwa wao kama wageni wale watasaidia au wataharibu. Wageni walifundishwa kwanza huko Ohio, kisha wakapewa jembe: kuandikisha wapiga kura na kufundisha katika Shule za Uhuru. Usiku wa Juni 21, Andrew Goodman, miaka 20, na Michael Schwerner, miaka 24, Wayahudi wawili wa New York, waliuawa na watu wa Ku Klux Klan pamoja na James Chaney, miaka 21, kijana mweusi wa Meridian, Mississippi. Walikuwa wametoka kuangalia kanisa la watu weusi lililochomwa moto.

Wanaosimulia kisa hiki kama fahari ya Wayahudi wasiishie hapo. Wakati wa kuwasaka vijana wale watatu, mtoni ilipatikana miili ya Henry Dee na Charles Moore, weusi, wote wa miaka 19. Hao hawakuwa na rafiki wa New York, na magazeti yaliwapita haraka. Kwangu mimi, kutenda haki kunaanzia kwenye kuwataja Dee na Moore katika sentensi ile ile inayowataja Goodman na Schwerner.

Na Bob Moses? Mwishoni mwa miaka ya sitini alikuja Tanzania na familia yake, akafundisha hisabati hadi mwaka 1976. Hakuja kwa wiki tatu. Alikaa akafundisha somo lile lile ambalo sisi, miaka mingi baadaye, tulitolewa darasani tukawaimbie wageni.

Sasa nije kwenye neno. Kiebrania kina tzedakah, ndugu wa damu wa sadaka yetu iliyotujia kupitia Kiarabu. Tofauti ni kwamba neno lao limeshikana na tzedek, yaani haki. Kwetu sadaka ni wema wa mtoaji. Kwao, kwa asili ya neno, ni deni. Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204, alipanga ngazi nane za kutoa. Ya juu kabisa ni kumwezesha mtu kwa mkopo, ubia au kazi, asihitaji tena kuomba. Kumpa mtu huku wewe unamjua na yeye anakujua ni ngazi ya chini. Picha ukiwa umembeba mtoto wa watu iko wapi kwenye ngazi hizo? Jibu analo kijana mwenyewe, kwenye vitabu vya dini yake. Hahitaji kejeli yangu.

Mfano wa karibu upo. Mwaka 2008 wilayani Rwamagana, Rwanda, kilifunguliwa Agahozo-Shalom, kijiji cha vijana yatima, kwa wazo la Anne Heyman, mwanasheria Myahudi aliyezaliwa Afrika Kusini. Alifuata mfano wa vijiji vya Israeli vilivyolea yatima wa mauaji ya Wayahudi. Wageni vijana kutoka Marekani hufika pale. Kinachonivutia ni kwamba tikkun olam pale ni kazi ya yatima wenyewe: hutoka wakawahudumia majirani zao. Aliyetegemewa kuwa mpokeaji naye ni mtengenezaji wa ulimwengu.

Kwa hiyo, wewe kijana unayeandika insha yako mwaka huu, usituambie ulilia. Tuambie nani alikupa jembe, anaitwa nani, na alikukataza nini. Kama huna jibu, hiyo ndiyo insha ya kuandika.

Nasi tunaocheka tujiulize. Ni wangapi tunawatuma watoto wetu likizoni wakatumike hata wiki moja kwenye zahanati ya mtaa au kwa jirani mgonjwa? Darasa lile lisilo na madirisha liko kwetu. Nilipita pale mwaka jana. Rangi imebanduka, madirisha bado, na mimi nilipiga picha nikaondoka.