Mchoraji Naye Ni Mfanyi Kazi

Tawi letu lataka mchoraji wa nje atie picha katika kijitabu chetu cha haki za kazini. Vema. Lakini nimesikia wenzetu wakisema, "Achore kwanza, tukipenda tutamlipa." Je, tajiri akituambia hivyo tutakubali? Mtu huyu hana mshahara wa mwezi wala likizo. Mapatano yaandikwe kabla hajashika kalamu: picha ngapi, siku gani, atangulizwe fedha kiasi gani.

Tena Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema haki ya picha iliyoagizwa humwendea aliyeagiza, wasipopatana vingine. Kesho tukiitia katika kalenda na kuiuza, yeye hapati senti. Aambiwe hayo mapema, hata kama atapandisha bei.